Foleni ya Kidonge na Zambarau

Kidonge hakikuhesabiwa kuwa kimemezwa mpaka Kengele akione kikimezwa. Ndiyo ilikuwa sheria ya bwalo la kiwanda kile cha kushona mashati, na haikutungwa na meneja. Ilitungwa na Kengele mwenyewe, mkaguzi wa mwisho wa mstari wa pili, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwembamba kama rula, mwenye sauti iliyompa hilo jina. Kila saa sita na nusu, cherehani zikinyamaza, wanawake mia mbili na kumi walijipanga mbele ya meza ndefu ya bati. Mwanzo wa meza walipewa kidonge cha madini ya chuma kiganjani. Mwisho wa meza kulikuwa na kikombe cha plastiki kilichojaa juisi ya zambarau, nyeusi kama wino. Na hapo kwenye vikombe alisimama Kengele.

"Fungua mdomo. Inua ulimi. Haya, pita. Wewe, hicho kidonge kiko shavuni, mimi si mumeo wa kudanganywa. Meza!"

"Kengele, leo juisi ina ukakasi! Ulimi wangu umegeuka jamvi."

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Kitamu kimemjenga nani?"

Walicheka, wakameza, wakapita. Walimlalamikia na walimpenda, kwa sababu walijua hivyo vidonge vilitoka wapi.

Vilitoka kwenye kidole cha mtu. Mwaka mmoja na nusu kabla, mshona kola mmoja alizimia akiwa kazini, akaangukia cherehani, na sindano ikampitia kidole cha shahada mpaka upande wa pili. Meneja alisema mwanamke huyo hakunywa chai asubuhi. Akaandikwa mzembe. Kengele aliikumbuka siku hiyo: ilikuwa Alhamisi, kola zilikuwa za buluu, na meneja alikuwa na kijiti cha meno mdomoni alipokuwa akisema. Kichwa cha Kengele kilikuwa kabati lisilotupa kitu. Alikumbuka mwezi ambao vyoo vilifungwa kwa kufuli ili watu wasipoteze muda. Alikumbuka wiki ambayo feni zilikufa katikati ya joto, wakaenda kumwona meneja, naye akawajibu bila kuinua macho: "Mmekaa na joto miaka yote. Wiki moja itawaua?" Ukimkosea Kengele leo, hata ukifa atakuja mazishini kukukumbusha.

Shule aliishia darasa la tano. Yaliyobaki alijisomea mwenyewe: magazeti ya kufungia vitu, vijitabu vya vyama vya wafanyakazi, makaratasi ya kliniki. Karatasi moja kati ya hizo, iliyochanika nusu ya chini, ilisema kwamba matunda yenye rangi nzito yana viini vinavyoulinda mwili usichakae mapema. Kengele alilichukua hilo, akaliunganisha na alilosikia kwa bibi yake, kwamba chekundu hujenga damu, akapata hoja: juisi ya zambarau huongeza damu. Nusu ya karatasi iliyochanika hakuwahi kuitafuta. Mtu aliyejisomesha kwa shida huona haya kukiri kwamba kuna ukurasa hakuuona.

Kliniki ilisema mshona kola alizimia kwa kupungukiwa damu, na kwa hilo wanawake walikaa chini siku tatu wakidai vidonge, cherehani zimezimwa, hadi meneja akasalimu amri. Akakubali vidonge, akakubali Sista wa zahanati ya kiwanda apime damu ya kila mtu kila mwezi. Juisi ilikuwa nyongeza ya Kengele.

"Na juisi ya zambarau," alisema, mkono kiunoni.

"Mnataka hoteli?" meneja akacheka.

"Tunataka damu yetu mliyoinywa."

Maneno hayo yalizunguka kiwanda kizima kama moto wa nyasi. Na tangu siku hiyo, kugusa juisi ya zambarau ilikuwa ni kumgusa Kengele.

Kuna mmoja aliyeigusa. Alikuwa mpiga pasi, mtu wa maneno machache. Mwezi wa pili wa foleni alifika mezani, akakirudisha kikombe taratibu, akatoa chupa ndogo ya maji aliyokamulia ndimu.

"Hii juisi inanifunga koo," alisema. "Kidonge nitameza kwa maji yangu."

Kengele aliinua sauti bwalo zima lisikie. "Tazameni! Tumepigana siku tatu, Bi Ndimu amekuja na kinywaji chake! Meneja amekuahidi nini, dada?" Watu wakaangua kicheko. Mpiga pasi alimeza kidonge chake kwa maji yake, akaenda zake, na jina la Bi Ndimu likamganda kama gundi. Hakuna aliyekaa naye meza moja tena mpaka mwezi ukaisha.

Sasa, Kengele alikuwa na mwana mmoja, dereva wa malori ya masafa, na mwana huyo alikuwa na mke. Mkamwana huyu aliishi na Kengele nyumba moja, akishona mikono ya mashati mstari uleule wa pili, na alikuwa na mimba ya miezi saba. Kengele hakumpenda kama mkwe. Alimpenda kama mali aliyookota njiani akaogopa mwenye nayo asije akaidai. Kwa kuwa hospitali nayo ilimwandikia mkamwana kidonge cha pili cha jioni, Kengele alibeba nyumbani dumu dogo la juisi iliyobaki bwaloni. Kila jioni, kabla hata hajavua viatu, alimmiminia glasi ya kujaa.

"Kunywa, mwanangu. Mimi nikikuangalia."

"Mama, tumbo limeshajaa."

"Mtoto ndiye anayekunywa. Wewe unapitisha tu."

Naye alikunywa. Lakini damu haikupanda. Mwezi wa tano wa mimba ilikuwa nane nukta tano. Wa sita, nane nukta moja. Mkamwana alianza kupumzika katikati ya ngazi tatu za kuingilia ukumbi wa kushonea, mkono ukutani, midomo imepauka kama kitambaa kilichofuliwa sana. Hospitali walisema wazi: aingie chumba cha kujifungulia na damu isiyopungua kumi, au angalau ikaribie hapo. Chini ya hapo, akitokwa na damu kidogo tu, roho itakuwa rehani.

Jumanne moja, baada ya kazi, Kengele alimshika mkono mkamwana wake wakaenda kwa Sista, kwenye kile chumba kidogo nyuma ya stoo ya vifungo. Sista alikuwa msichana ambaye Kengele angeweza kumzaa. Alimtoboa mkamwana kidole, akaweka tone kwenye mashine, wakasubiri.

"Saba nukta sita," alisema Sista.

"Mashine mbovu hiyo!" Kengele alilipuka. "Inasema alichoiagiza meneja. Au vidonge ni chaki! Semeni tujue!"

"Umewahi kukionja, Mama?"

"Nimekitafuna kimoja jana. Kina ladha ya msumari."

"Basi unajua si chaki."

Sista akafungua daftari lake na kuligeuza limtazame Kengele. Yalikuwa majina na vipimo vya miezi minane. Kidole cha Sista kilishuka polepole. Mshona kola, palepale. Wa vifungo, chini kidogo. Wa mifuko, palepale. Ukurasa kwa ukurasa, damu ya wanawake imekaa kama maji ya mtungi. Halafu kidole kikasimama. Mpiga pasi: tisa, kumi nukta mbili, kumi na moja nukta nane, kumi na mbili nukta tano.

"Huyu ndiye anayemeza kwa ndimu," alisema Sista. "Mama, zambarau si sumu. Ni tunda jema, linasaidia mwili kwa mengi. Wapo hata watu ambao miili yao inalimbikiza chuma kupita kiasi. Hao juisi kama hii pamoja na chakula inaweza kuwafaa. Lakini ule ukakasi unaousikia ulimini, ukifika tumboni unakikamata chuma kabla mwili haujakichukua. Vinashikana, vinapita pamoja, vinaishia chooni. Chai hufanya hivyohivyo. Chungwa na ndimu ndivyo vinavyokifungulia chuma mlango. Juisi yenu ingenywewa saa mbili au tatu baadaye, isingekuwa na ubaya."

Chumba kilikuwa kidogo na Kengele alihisi kimezidi kuwa kidogo.

"Miezi minane," alisema. "Umekaa na daftari hili miezi minane. Mbona hukusema?"

"Nilisema."

Hakulisema kwa hasira. Angelisema kwa hasira, Kengele angepata pa kushika. Alilisema kama mtu anayetaja saa.

Na hapo lile kabati lisilotupa kitu likafunguka lenyewe. Mwezi wa tatu wa foleni. Bwaloni. Sista amekuja na karatasi mkononi, amesema, "Mama, hii juisi na kidonge visinywewe pamoja," na Kengele amegeukia watu na kupaza sauti: "Sista, hebu tuambie kwanza, mshahara wako anausaini nani?" Kicheko kikapiga mabati. Msichana akakunja karatasi yake mara mbili, kisha mara nne, akaondoka. Kijiti cha meno cha meneja Kengele alikikumbuka. Hili alikuwa amelisahau kabisa, siyo kwa bahati mbaya.

Mkamwana alikaa kitini, pamba imebanwa kidoleni. Alikuwa amesikia yote.

"Kesho niseme mimi au utasema wewe?" aliuliza Sista.

Kengele alilamba midomo. "Kesho saa nane tunasaini na meneja mkataba wa vidonge wa mwaka ujao. Akisikia hili atasema mradi umeshindwa, atafuta vyote. Acha tusaini kwanza."

"Na kesho saa sita?"

"Saa sita wanywe kama kawaida."

"Mama. Watu mia mbili?"

"Wamekunywa miezi yote. Siku moja itawaua?"

Aliyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake na akayatambua. Yalikuwa ya meneja, yale ya feni, neno kwa neno. Kilichokosekana ni kijiti tu. Lakini hakuyarudisha.

"Keshokutwa asubuhi nabandika karatasi ukutani," alisema Sista. "Zaidi ya hapo siwezi kusubiri."

Jioni ile Kengele hakumimina juisi. Alimenya chungwa, akalipanga vipande kwenye sahani, akaweka maji kando ya kidonge. Mkamwana alitazama sahani.

"Na wenzangu kesho?"

"Wewe una mtoto tumboni."

"Yule wa vifungo naye ana mtoto tumboni. Miezi minne. Hajamwambia mtu ila mimi."

"Siasa ya kiwanda huijui, mwanangu. Ukimpa meneja upenyo wa uzi, atapitisha kamba."

"Kweli siijui, Mama." Alimeza kidonge kwa maji, akala chungwa lote, akaenda kuosha sahani yeye mwenyewe, kitu ambacho Kengele alikuwa amemkataza tangu mimba iwe na miezi mitano.

Jumatano saa sita na nusu cherehani zilinyamaza. Kengele alisimama mahali pake. Hakusema fungua mdomo. Hakusema inua ulimi. Aligawa vikombe, macho kwenye mikono ya watu.

"Leo kengele imeng'oka ulimi?" mtu alitania.

"Amenuniwa nyumbani," mwingine akajibu. "Mwacheni."

Kikombe. Kikombe. Kikombe. Kila mkono uliopokea aliujua: wenye kovu la sindano, wenye chaki kwenye kucha, wenye pete iliyolegea kwa kukonda. Bi Ndimu alipita na chupa yake, na Kengele akajifanya anafuta meza. Kisha akaja wa vifungo, msichana mnene wa uso, mchangamfu. "Mama Kengele, leo nijazie, nina kiu," alisema. Kengele akamjazia. Hilo alilifanya kwa mkono wake wa kulia, huku anajua, na msichana akanywa mpaka tone la mwisho na kumshukuru.

Nyuma yake alikuwa mkamwana.

"Wewe toka kwenye foleni," Kengele alinong'ona.

"Kwa nini, Mama?"

Hakunong'ona. Alisema kwa sauti ya kawaida, na kwa kuwa foleni nzima ilikuwa kimya ikishangaa ukimya wa Kengele, sauti ya kawaida ilitosha. Kidonge alishakiweka ulimini. Akanyoosha mkono, akachukua kikombe.

"Weka chini."

"Kama kinawafaa wenzangu, na mimi kitanifaa."

Akakipeleka mdomoni. Kengele aliona ile midomo iliyopauka ikigusa ukingo, na mkono wake ukaenda wenyewe. Alikipiga kikombe kikaruka. Juisi ikawamwagikia wote wawili, ikatiririka juu ya tumbo la miezi saba, na bwalo zima likasimama.

"Kengele! Una wazimu? Mjamzito huyo!"

"Msinywe!" alisema Kengele. Sauti ilitoka nyembamba, ya mtu mwingine. "Msinywe na kidonge. Inakamata chuma. Kidonge kinapita bure. Damu zenu hazikupanda kwa sababu ya juisi. Kwa sababu yangu. Sista alituambia, nikamfanya kichekesho. Bi... huyu dada wa pasi ndiye aliyekuwa sawa."

Maneno yakaja yote kwa pamoja.

"Miezi minane nakunywa wino!"

"Mimi uliniinua ulimi kama mbuzi mnadani!"

"Na choo kigumu juu yake, jamani!" Wachache wakacheka, kicheko kibaya.

Mshona kola, yule wa kidole, ndiye aliyeuliza swali. Aliliuliza polepole. "Umejua lini, Kengele?"

Sista alikuwa amesimama mlangoni. Mkamwana alikuwa hatua moja mbele, nguo imemganda tumboni, anamtazama. Kengele alijua jibu. Lilikuwa neno moja, jina la siku.

"Asubuhi hii," alisema. "Sista amenieleza asubuhi hii."

Mkamwana aliinamisha macho. Sista akageuka kutazama nje.

Meneja naye hakukawia, maana habari za namna hiyo zina miguu. Aliingia akitabasamu. "Kumbe! Mradi wenyewe umeshindwa, na mwenye mradi amekiri. Basi saa nane hakuna cha kusaini."

Aliyejibu alikuwa mpiga pasi, na wengi walikuwa hawajawahi kusikia sauti yake zaidi ya neno moja. "Vidonge havijashindwa. Kilichokosewa ni kikombe. Damu yangu mimi imetoka tisa hadi kumi na mbili na nusu, Sista ana daftari. Saa nane tunasaini. Vidonge kwa maji na chungwa saa sita, juisi saa kumi kwa anayeitaka."

"Nani anasaini? Huyu?" meneja alimwonyesha Kengele kwa kidevu.

"Huyu hapana," alisema mshona kola. "Tutakwenda sisi."

Na walikwenda, wanne, mpiga pasi mbele, wengine wakasimama nje ya mlango wa ofisi bila kurudi kwenye cherehani mpaka kalamu ilipowekwa chini. Ilichukua nusu saa. Kengele alibaki bwaloni na kitambaa, akipangusa zambarau sakafuni. Alikuwa amewalisha watu kosa mchana ule ili kulinda mkataba, na mkataba ulikuwa umesimama bila yeye, kwa ukweli mtupu.

Wiki tatu zilipita. Mezani alisimama mpiga pasi, ambaye hakumwambia mtu yeyote ainue ulimi. Kengele alipanga foleni kama wengine, mwisho kabisa. Waliacha kumtania; angependa wamtanie. Mstari wa pili waliweka mashati yaliyokamilika kwenye meza yake ya ukaguzi na kuondoka bila neno. Nyumbani alimenya machungwa mpaka vidole vikawa vya njano.

Siku ya kipimo alingoja nje ya chumba cha Sista, kando ya maboksi ya vifungo. Alikuwa hajaomba kuingia. Mlango ulifunguka.

"Tisa nukta mbili," alisema mkamwana. "Sista anasema nikiendelea hivi, mwezi ujao nitafika."

Kengele alishika ukuta. "Alhamdu... asante Mungu. Mwanangu!" Akanyoosha mikono.

Mkamwana hakurudi nyuma, lakini hakuisogelea. "Mama, yule wa vifungo ameniuliza tena. Damu yake ni saba nukta nane. Anataka kujua: Jumatano ile ulipomjazia kikombe, ulikuwa unajua au hujui?"

"Ukamwambia nini?"

"Nimemwambia sijui. Ni uongo wangu wa kwanza kwa ajili yako. Wa pili sitausema."

Akapita, mkono mmoja kiunoni, akapanda ngazi tatu za kuingilia ukumbi wa kushonea bila kupumzika katikati.

Kengele alimfuata kwa mbali. Ukumbi ulikuwa umeshaanza kunguruma, cherehani mia na zaidi zikienda. Alipita mstari wa kwanza, akapita meza yake ya ukaguzi, akaenda mpaka mwisho ambako mashine ya vifungo ilikuwa ikigonga kama mtu anayepiga misumari. Msichana hakuinua uso. Kengele aliinama karibu na sikio lake.

"Nilijua," alisema.

"Nini?"

"Kikombe kile. Nilijua."

"Sisikii, Mama!"

Kengele alisimama wima. Alikuwa na sauti hiyo, hakuna aliyewahi kuwa na sauti kama hiyo kiwandani pale, na safari hii hakutaka kuwa nayo. "Nilijua tangu Jumanne! Nilikujazia huku najua! Nyote niliwapa huku najua!"

Msichana aliondoa mguu kwenye kanyagio. Jirani yake naye akaondoa. Ukimya ukaenda mstari kwa mstari, ukapita kwa mshona kola, ukafika kwenye chumba cha pasi. Msichana alimtazama Kengele kwa muda mrefu, mkono juu ya tumbo ambalo sasa lilikuwa limeanza kuonekana.

"Sema tena," alisema. "Wa nyuma hawajasikia."